Ekografi ya mimba: daktari akisema "kuna alama", anataka kusema nini?

Mama anatoka kwenye chumba cha ekografi, mkononi ana karatasi na picha ya nyeusi na nyeupe. Amesikia moyo wa mtoto unapiga, amefurahi. Lakini chini ya karatasi kuna mstari wa Kifaransa ambao hakuna mtu aliyemueleza: "clarté nucale augmentée", ama "os propres du nez non vus", ama "foyer hyperéchogène". Anafika nyumbani, iwe Mulongwe, Kalundu ama Kavimvira, anampa shemeji aliyesoma. Shemeji anatafuta maneno yale kwenye simu. Kabla ya jua kuzama ukoo mzima umesha kujua kwamba "mutoto haiko muzima". Na kabla ya juma kuisha kuna mtu anauliza laana imetokea upande wa nani.

Makala hii ni kwa ajili ya mstari ule. Bamama na babaa wanatuuliza mara kwa mara: ekografi inaweza kweli kuona kama mtoto atazaliwa na trizomi? Jibu la haraka ni hapana, haiwezi. Inaweza kuona alama, na alama si ugonjwa. Jibu refu njo hili linalofuata, na tunaomba ulisome mpaka mwisho kabla ya kumpigia mama mkwe simu.

Kwanza, kromozomu

Ndani ya kila chembe ya mwili wa mtu kuna nyuzi ndogo sana zinazobeba maagizo ya mwili: rangi ya macho, urefu, namna moyo unavyojengwa. Nyuzi hizo zinaitwa kromozomu. Mtu ana 46, yaani jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Wakati yai la mama ama mbegu ya baba inatengenezwa, jozi zinapaswa kuachana sawasawa. Mara zingine jozi moja inakataa kuachana. Mtoto anayepatikana hapo anakuwa na kromozomu moja ya ziada, 47 badala ya 46. Ya ziada ikiwa ni namba 21, tunasema trizomi 21, ama sindromu ya Down, kwa jina la daktari Mwingereza John Langdon Down aliyeieleza mwaka 1866. Sababu yenyewe ilijulikana 1959 tu, Paris, katika kazi ya Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Mwaka uliofuata zikajulikana trizomi 18 na trizomi 13, ambazo ni nzito zaidi: watoto wengi wa aina hizo hufa tumboni ama ndani ya mwaka wa kwanza.

Kosa hilo la kuachana halitokani na chakula, wala na ugomvi wa nyumbani, wala na mama kuvuka mto usiku. Halitokani na baba peke yake wala mama peke yake, na mara nyingi sana halirithiwi. Kitu kimoja tunachojua kinaongeza uwezekano ni umri wa mama. Mama wa miaka 20, ni kama mtoto 1 kwa 1,500. Miaka 30, 1 kwa 900 hivi. Miaka 35, 1 kwa 350. Miaka 40, 1 kwa 100. Miaka 45, karibu 1 kwa 30. Huku kwetu mama anaweza kuzaa wa kwanza na miaka 18 na wa mwisho na miaka 43, kwa hiyo hesabu hiyo inatuhusu sana. Lakini usiseme "mimi niko kijana, hainihusu": bamama vijana njo wanazaa watoto wengi zaidi, na watoto wengi wenye trizomi 21 wana mama ambaye hajafika miaka 35.

Kitu kingine watu wanachanganya ni drepanositozi, ile wanaita "SS". Ile si kosa la idadi ya kromozomu. Ni kosa dogo ndani ya agizo moja la damu, linatoka kwa wazazi wote wawili, na hakuna mashine ya ekografi duniani inayoweza kuliona. Inapimwa kwa damu. Ekografi ikiwa nzuri, haisemi lolote juu ya SS.

Mashine inaona nini

Ekografi ni sauti. Kifaa kinatuma sauti ambayo sikio halisikii, sauti inagonga nyama, maji na mfupa, inarudi, na kompyuta inachora picha kutokana na mrudio. Daktari Ian Donald wa Glasgow, Uingereza, ndiye aliyeifungulia njia kwenye uzazi, kwa makala aliyoandika na wenzake mwaka 1958. Kabla yake mashine za namna hiyo zilikuwa zinatafuta nyufa ndani ya vyuma vya viwandani. Hakuna miale kama ya radiografi. Wale wanaosema ekografi "inachoma mutoto", hapana, haichomi.

Lakini sauti haioni kromozomu. Inaona umbo tu. Simama pwani Kalundu usiku usiokuwa na mwezi, angalia taa za wavuvi wa ndakala. Taa zinakuonyesha mitumbwi iko wapi, na ukizoea unaweza kubahatisha nani yuko na nani hayuko. Hazikuambii nyavu zina nini. Daktari wa ekografi anaangalia taa. Akiona taa imekaa mahali si pa kawaida, anaandika. Hiyo njo "alama".

Maji ya shingoni

Alama yenye nguvu kuliko zote iko mapema sana, na hapo njo shida yetu inaanza. Kati ya wiki ya 11 na mwisho wa wiki ya 13, kila mtoto ana maji kidogo chini ya ngozi nyuma ya shingo. Kwenye karatasi yanaitwa "clarté nucale". Mwaka 1992 Kypros Nicolaides na wenzake wa London walionyesha kwamba maji hayo yakiwa mengi, uwezekano wa trizomi unapanda. Tangu hapo kipimo hicho kimeenea duniani kote. Yakipita milimita 3,5, yanahesabiwa kuwa mengi kwa mimba yoyote ya muda ule. Chini ya hapo inategemea urefu wa mtoto.

Kipimo hiki kina masharti makali. Mtoto awe na urefu wa milimita 45 mpaka 84 kutoka kichwani mpaka matakoni. Awe amelala kwa upande, picha ikionyesha uso wake kama sura ya mtu kwenye sarafu. Shingo isiwe imenyooka kupita kiasi wala kujikunja. Picha iwe imekuzwa mpaka kichwa na kifua vijaze kioo. Tunapima sehemu ya kumi ya milimita. Mtaalamu mwenye mafunzo na mashine nzuri, akichanganya kipimo hicho na umri wa mama, anaweza kugundua kama watoto 75 kati ya 100 wenye trizomi 21, huku akiwatia hofu bure bamama 5 kwa kila 100. Akiongeza kipimo cha damu cha vitu viwili vinavyotoka kwenye kondo, anafika karibu 90.

Sasa linganisha na hali yetu. Mama wa Sange ama wa Makobola anafika CPN mimba ikiwa na miezi minne ama mitano, kwa sababu kabla ya hapo "haijaonekana". Mlango wa maji ya shingoni umeisha kufungwa. Na kibaya zaidi, wakati mwingine mlango umefungwa lakini mtu anapima tu. Tumeona swali hili linarudi mara nyingi: mimba ni ya miezi mitano, karatasi imeandikwa "nuque 5 mm", shemeji anasoma kwenye simu kwamba zaidi ya 3,5 ni hatari, kilio kinaanza. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwenye mwezi wa tano hatupimi tena maji, tunapima unene wa ngozi ya shingo, na huko mpaka ni milimita 6. Tano ni kawaida kabisa.

Mpaka huo wa 6 una historia yake. Aliyeileta ngozi ya shingo mezani mwaka 1985 ni daktari mwanamke wa Boston, Beryl Benacerraf, ambaye kusoma maandishi kulimpa taabu tangu utoto lakini jicho lake kwenye picha lilikuwa kali ajabu. Mwanzoni wenzake wengi walimpinga. Baadaye ukawa utaratibu wa kawaida.

Hata maji ya shingoni yakiwa mengi kweli, usimzike mtoto. Hesabu za London zinaonyesha kwamba yakiwa kati ya 3,5 na 4,4, watoto kama 70 kati ya 100 wanazaliwa hai bila kasoro kubwa. Yakipita 6,5, wanabaki kama 15 kati ya 100. Unaona tofauti? "Yameongezeka" peke yake haitoshi, lazima uulize yameongezeka kiasi gani. Na pale kromozomu zinapokuwa sawa, maji mengi yanaweza kuwa njia ya moyo kusema una tatizo, kwa hiyo moyo uangaliwe tena mwezi wa tano.

Pua ya Mwafrika

Alama ya pili ya mapema ni mfupa wa pua. Watoto wengi wenye trizomi 21 mfupa huo unachelewa kuonekana. Kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa kuangalia Wazungu, mfupa usipoonekana ni onyo kubwa, kwa sababu kati ya watoto wao wazima ni kama 3 tu kwa 100 wanaokuwa hivyo wiki ya 12. Lakini kati ya watoto wazima wenye asili ya Afrika ni karibu 10 kwa 100. Mmoja kwa kumi! Daktari anayetumia jedwali la Ulaya bila kufikiri atatisha bamama wengi wa Uvira kwa sababu ya pua ambayo ni ya babu yao tu.

Si pua peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Kinshasa, Aimé Lumaka na wenzake, walijaribu programu ya kompyuta inayotambua sindromu kwa kuangalia picha za uso. Kwa watoto wa Ulaya wenye trizomi 21 ilipata 80 kwa 100. Kwa watoto wa Congo wenye trizomi ileile ilipata 37 hivi. Walipoifundisha kwa sura za Kiafrika, ikapanda mpaka karibu 95. Mashine, kama mtu, inajua kile ilichoonyeshwa.

Mwezi wa tano: alama ndogo

Ekografi ambayo bamama wengi wa huku wanaipata ni ya wiki 18 mpaka 24. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mama mwenye mimba apate ekografi moja kabla ya wiki 24. Hapo mtoto ana umbo lote, na daktari anaweza kuona vitu vya aina mbili. Kuvichanganya njo chanzo cha machozi mengi.

Aina ya kwanza ni alama ndogo. Hazimdhuru mtoto zenyewe, nyingi zinapotea, na watoto wazima wanazo pia. Kidoa kinachong'aa ndani ya moyo ("foyer hyperéchogène") ni chembe ya chokaa kwenye msuli. Watoto kama 4 au 5 kwa 100 wanacho na moyo wao haugonjwi. Kifuko kidogo cha maji kwenye ubongo ("kyste des plexus choroïdes") kiko kwa watoto 1 au 2 kwa 100, na karibu vyote vimeisha kufika mwezi wa saba. Kinatajwa sababu watoto wengi wa trizomi 18 wanacho, lakini hao karibu kila mara wana na kasoro zingine zinazoonekana. Mfuko wa mkojo ndani ya figo uliopanuka kidogo, milimita 4 na zaidi, mara nyingi ni wa watoto wanaume na unahitaji tu kupimwa tena mwezi wa nane. Mfupa wa paja ulio mfupi kidogo unaweza kuwa alama, lakini huku kwenye bonde la Ruzizi, kabla ya kufikiria kromozomu mtu afikirie malaria inayozuia kondo kumlisha mtoto, afikirie tarehe iliyokosewa, kisha afikirie baba mwenyewe ana urefu gani.

Utumbo unaong'aa kama mfupa ("intestin hyperéchogène") tunautenga na wenzake. Unaweza kuwa alama ya trizomi, ndiyo. Lakini unaweza pia kuwa mtoto amemeza damu kwa sababu mama alitokwa damu, ama kuna maambukizi, ama kondo limechoka. Vivyo hivyo mtoto aliyejaa maji mwili mzima: kromozomu ni sababu moja, upungufu mkali wa damu ni nyingine, na kaswende nyingine. Kaswende inatibiwa kwa sindano za penisilini. Tunaona ni uzembe mkubwa kumwambia mama "mtoto wako ana shida ya kromozomu" bila kuangalia kwanza kama kipimo cha kaswende cha CPN kilifanyika.

Sasa alama ndogo inabadilisha nini? Fikiria inafanya kazi kwa kuzidisha. Mama wa miaka 25 ana uwezekano wa 1 kwa 1,250 hivi. Kidoa cha moyo kikiwa peke yake hakibadilishi kitu: anabaki pale pale. Ngozi ya shingo iliyo nene peke yake inazidisha kama mara 4: anafika 1 kwa 300, maana yake wenzake 299 kati ya 300 wenye karatasi kama yake watazaa mtoto asiye na trizomi 21. Kwa mama wa miaka 40, aliyeanza na 1 kwa 100, alama ileile inampeleka 1 kwa 25. Karatasi moja, uzito tofauti. Alama zenye uzito wa kweli zikiwa peke yake ni chache: ngozi nene ya shingo, mfupa wa pua mdogo sana, vyumba vya maji vya ubongo vilivyofika milimita 10, na mshipa mmoja wa mkono wa kuume unaopita njia isiyo yake. Zikiwa mbili ama tatu kwa pamoja, hapo mazungumzo yanabadilika.

Kasoro kubwa ni neno lingine

Aina ya pili si alama tena, ni kasoro yenyewe, na hapa hatutaki kukudanganya kwamba mambo ni mepesi. Tundu kubwa katikati ya moyo, pale vyumba vyote vinne vinapokutana: karibu nusu ya watoto wenye kasoro hiyo wana trizomi 21. Utumbo wa juu ulioziba, ambao kwenye picha unaonekana kama mapovu mawili meusi tumboni: kama 30 kwa 100 wana trizomi 21, na mara nyingi hauonekani mpaka mwezi wa sita umeanza. Ngumi zilizokunjwa ambazo hazifunguki, vidole vikipandana, pamoja na mtoto asiyekua na moyo wenye tundu: daktari anafikiria trizomi 18. Ubongo wa mbele usiogawanyika pande mbili, mdomo uliopasuka katikati: anafikiria trizomi 13. Matumbo yaliyotoka nje kwenye kitovu ndani ya utando: moja kati ya hizo mbili inawezekana. Mifuko mikubwa ya maji shingoni kwa mtoto mwanamke: inaweza kuwa sindromu ya Turner, yaani kromozomu X moja imekosekana. Wengi wa hao wanatoka mapema, lakini anayezaliwa anakua na akili ya kawaida, ila anakuwa mfupi na mara nyingi hazai.

Na vidole sita? Vitabu vinasema ni ishara ya trizomi 13. Kweli, kama kuna kasoro zingine. Lakini kidole cha sita kando ya kidole kidogo, peke yake, ni kitu cha ukoo kwa Waafrika wengi. Muulize bibi kabla ya kumuuliza profesa.

Ekografi safi haina hati ya dhamana

Kuna upande wa pili ambao watu hawapendi kuusikia. Hata hospitali zenye mashine za bei kali, ekografi ya mwezi wa tano peke yake inakosa karibu nusu ya watoto wenye trizomi 21. Hawana kasoro inayoonekana, wanapita. Kwa hiyo mama aliyeambiwa "yote sawa" halafu akazaa mtoto wa trizomi 21 asifikiri lazima kuna mtu amemdanganya ama amemrogea mtoto siku ya kuzaa. Kromozomu zile zilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Nini kinathibitisha? Kuhesabu kromozomu zenyewe, basi. Njia ya zamani ni amniosentezi: kuanzia wiki ya 15, sindano nyembamba inapita tumboni ikiongozwa na ekografi, inachota maji kidogo yanayomzunguka mtoto. Kwenye mikono yenye uzoefu, mimba zinazotoka kwa sababu yake ni chini ya 1 kwa 100. Njia mpya ni damu ya mama peke yake, kuanzia wiki ya 10, kwa kuwa vipande vya maagizo kutoka kwenye kondo vinaelea ndani ya damu yake. Dennis Lo na wenzake walivionyesha mwaka 1997. Kipimo hicho kinagundua karibu watoto wote wa trizomi 21, ila kikisema "ndiyo" bado kinahitaji kuthibitishwa.

Maabara ya kawaida ya hospitali haihesabu kromozomu. Nchini kwetu kazi hii ina makao Kinshasa, kwenye Kituo cha Jenetiki ya Binadamu cha Chuo Kikuu cha Kinshasa, ambako Profesa Prosper Lukusa ameifanya kwa miaka mingi. Kinshasa na Uvira, mnajua wenyewe ni safari gani. Kwa familia nyingi za huku, jibu kamili litapatikana baada ya mtoto kuzaliwa, kwa damu yake, ama litabaki jicho la daktari mwenye uzoefu: mtoto laini kama kitambaa, macho yanayopanda pembeni, nafasi pana kati ya dole gumba la mguu na linalofuata. Mstari mmoja kiganjani hautoshi. Watu wengi wazima wanao, labda na wewe pia.

Basi kuna faida gani kujua?

Hapo njo swali lenyewe. Kama hakuna dawa ya kuondoa kromozomu ya ziada, na hakuna, kwa nini kumsumbua mama?

Kwa sababu ya siku ya kuzaa. Mtoto ambaye utumbo wake wa juu umeziba hawezi kunyonya. Anatapika kila kitu, na bila upasuaji ndani ya siku chache anakufa. Kama ilionekana mwezi wa saba, familia inaweza kupanga kuzaa kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji wa watoto. Bukavu ni karibu kilomita 120, Bujumbura iko ng'ambo ya mpaka chini ya kilomita 30, na kila mtu hapa anajua kuna siku barabara ama mpaka havipitiki. Miezi miwili ya kujiandaa si sawa na usiku mmoja wa kukimbia na kichanga ndani ya pikipiki. Hivyo hivyo na moyo: karibu nusu ya watoto wenye trizomi 21 wana tatizo la moyo, na tundu likijulikana mapema mtoto anafuatiliwa kabla mapafu hayajaharibika.

Kuna pia suala la kutoa mimba, na hatutalipita kimya kwa sababu kwenye mitaa linasemwa. Sheria ya makosa ya jinai ya Congo, vifungu 165 na 166, inaadhibu kutoa mimba. Mkataba wa Maputo, uliochapishwa kwenye gazeti la serikali mwaka 2018, unaruhusu kwa mkono wa daktari pale kuna ubakaji, zinaa ya ndugu, ama hatari kwa afya ya mama au kwa uhai wake au wa mtoto tumboni. Trizomi 21 haikutajwa. Kasoro ambayo mtoto hawezi kuishi nayo ni mazungumzo kati ya wazazi na daktari ndani ya hospitali, kwa maandishi. Vidonge vya farmasi ya pembeni, na majani ya jirani, vinaua bamama. Hasa pale alama yenyewe ilikuwa kidoa kwenye moyo wa mtoto mzima.

Na mtoto wa trizomi 21 mwenyewe? Kwenye nchi zenye matibabu mazuri siku hizi wengi wanafika miaka 60. Ananyonya polepole sababu mdomo ni laini. Mama anaweza kukamua maziwa na kumpa kwa kijiko, kidogo kidogo, mara nyingi. Apate chanjo zote, masikio na tezi ya shingo vipimwe, afundishwe kukaa na kutembea kwa mazoezi. Anachelewa, lakini anafika. Ukoo unaomficha nyuma ya nyumba njo unaomfanya asijue kusema.

Ukiwa na karatasi mkononi

Usitoke kwenye chumba bila kuuliza. Mimba ilikuwa na wiki ngapi siku ya kipimo, na wiki hizo zimehesabiwa kwa ekografi ya mapema ama kwa kukumbuka tu? Alama ni moja ama zaidi? Moyo umeonekana wote, vyumba vinne? Kitovu kina mishipa mitatu? Mtoto anakua? Kipimo kinaweza kurudiwa baada ya wiki tatu ama nne, na daktari mwingine, kwa mashine nyingine? Baba akiweza aingie pia, asisubiri nje kuletewa habari ya nusu. Na karatasi ile usiitupe. Ya mwezi wa tatu ina thamani kubwa mwezi wa nane, maana njo inasema mimba ina umri gani kweli.

Vidonge vya chuma na asidi foliki vya CPN endelea kumeza. Asidi foliki inalinda uti wa mgongo wa mtoto. Kromozomu haiibadilishi, hata anayekuuzia chupa ya dawa ya miti akikuapia.

Kwa wale ambao wamesha kupata mtoto mwenye trizomi 21 na wanaogopa mimba inayofuata: kwa mama kijana, uwezekano wa kurudia ni kama 1 kwa 100. Lakini kuna aina moja, 3 au 4 kwa 100 ya watoto wote wa trizomi 21, ambapo kromozomu ya ziada imejishika juu ya nyingine, na hiyo inaweza kutoka kwa baba ama mama ambaye yeye mwenyewe ni mzima kabisa. Kwenye familia yenye watoto wawili wa namna hiyo, ama mimba nyingi zilizotoka, damu ya wazazi wote wawili ipimwe. Wote wawili, si ya mama tu.